Hofu na Wasiwasi Siku za Maradhi Makuu

Hofu ni mlinzi aliyewekwa mlangoni pa uhai. Kazi yake ni kumwamsha aliyelala, kumwonyesha hatari inakotoka, na kumtia nguvu miguuni akimbie au mikononi ashindane. Mlinzi huyu akiisha kutoa habari yake hunyamaza, na mwenye nyumba hufanya lipasalo. Wasiwasi ni kitu kingine. Neno lenyewe lilitoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni mnong'ono: sauti ndogo isemayo sikioni bila ya kukoma, wala msemaji haonekani. Hofu hupiga kelele mara moja. Wasiwasi hunong'ona usiku kucha. Hofu husema, "Mwizi yupo dirishani." Wasiwasi husema, "Labda," na neno hilo moja latosha kumkosesha mtu usingizi mpaka alfajiri.

Kiswahili hakikupungukiwa na maneno ya kutenga hali hizi. Kuna mashaka, ambayo ni hali ya akili isiyojua ishike lipi. Kuna fadhaa, ambayo humvuruga mtu akasahau hata aliyoyajua. Kuna dukuduku, likaalo kifuani likingoja kusemwa. Wingi wa maneno haya ni ushahidi kwamba wasemaji waliotangulia waliyajua maradhi ya moyo kabla ya mabingwa kuyatungia vipimo. Katika mazungumzo ya kila siku maneno hayo huchanganywa, na wakati wa salama kuchanganywa kwake hakudhuru kitu. Wakati wa maradhi makuu mambo hugeuka. Hofu ina dawa yake na wasiwasi una dawa yake, na nchi inayotibu kimoja kwa dawa ya kingine huzidisha vyote viwili.

Maradhi ya korona yalitokea China mwishoni mwa mwaka 2019. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba yamekwisha kuwa maradhi ya ulimwengu mzima. Siku mbili baadaye Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza. Tanzania ilifuata tarehe 16, na Uganda tarehe 21 ya mwezi huo huo. Hofu iliyoingia majumbani siku hizo ilikuwa hofu ya haki. Maradhi yalikuwa mageni, hayakuwa na chanjo, yaliwaua wazee kuliko vijana, na yaliweza kuchukuliwa na mtu asiyeonyesha dalili yoyote. Sifa hii ya mwisho ndiyo iliyoufungulia wasiwasi mlango. Nyoka huacha mburuzo na simba huacha nyayo. Lakini maradhi haya yalikuja katika pumzi ya ndugu na katika mkono wa salamu. Vitu ambavyo mtu alikuwa akivikimbilia apatapo hofu vilikuwa sasa ndivyo vya kuviogopa.

Miaka thelathini kabla ya hapo, katika mwaka 1990, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Uingereza aitwaye Philip Strong, akitafakari mambo yaliyozuka pamoja na UKIMWI, aliandika kwamba maradhi mapya huandamana na maambukizo mengine matatu yasiyo ya mwili. La kwanza ni la hofu. La pili ni la maelezo. La tatu ni la vitendo. Watu huambukizana woga. Kisha huambukizana visa vya kueleza maradhi yametoka wapi na nani wa kulaumiwa. Kisha huambukizana mambo ya kufanya, mengine ya maana na mengine ya upuuzi. Aliyeishi mwaka 2020 hahitaji kusadikishwa. Aliyaona yote matatu kwa macho yake, pengine yote matatu katika siku moja.

Hesabu zilipofanywa zilionyesha jambo la kufikirisha. Oktoba 2021 jarida la matabibu liitwalo The Lancet lilichapisha makadirio kwamba mwaka 2020 uliongeza duniani watu milioni 76.2 wenye maradhi ya wasiwasi, yaani karibu robo zaidi ya waliotazamiwa, na watu milioni 53.2 wenye maradhi ya huzuni nzito. Takwimu zilizotumiwa zilitoka zaidi katika nchi tajiri, na kwa sababu hiyo Afrika ilikadiriwa kuliko ilivyohesabiwa. Hata hivyo mambo mawili yalijitokeza. Kwanza, ongezeko lilifuatana na wingi wa maambukizo na pia na kupungua kwa mwendo wa watu: palipofungwa njia, wasiwasi ulipanda. Pili, wanawake waliongezeka kuliko wanaume, na vijana waliongezeka kuliko wazee.

Hapa pana fumbo. Kifo kilikuwa kikiwatafuta wazee, na miongoni mwa wazee kiliwapata wanaume kuliko wanawake. Lau wasiwasi ungekuwa mtoto wa hofu ya kifo peke yake, basi babu ndiye angekosa usingizi na mjukuu angelala fofofo. Mambo yalikwenda kinyume. Yapasa kutafuta chanzo kingine zaidi ya hatari yenyewe.

Kabla ya kukitafuta chanzo hicho ni vyema kujua wasiwasi wa watu hupimwaje. Kipimo kimoja kitumiwacho sana, kilichotolewa mwaka 2006, kina maswali saba juu ya hali ya mtu kwa muda wa wiki mbili zilizopita. Huulizwa kama amekosa utulivu, kama amekuwa mwepesi wa hasira, kama amekuwa na mashaka mengi, kama ameshindwa kuyazuia mashaka hayo, kama ameogopa kwamba jambo baya litatokea. Kila jibu hupewa alama tangu sifuri mpaka tatu. Jumla kubwa kabisa ni 21, na afikaye 10 hutazamwa kwa makini zaidi. Mwaka 2020 kilitungwa kipimo kingine cha hofu ya korona peke yake, kikajaribiwa kwanza Iran, nacho pia kina maswali saba. Watu wengi walipopimwa kwa vipimo viwili vya namna hii kwa pamoja, walioonekana na hofu nyingi ya maradhi walionekana pia na wasiwasi mwingi.

Matokeo hayo yataka kusomwa kwa hadhari. Mtu aulizwaye Aprili 2020 kama ameogopa kwamba jambo baya litatokea, na jeneza limepita mtaani mwake asubuhi, akijibu ndiyo hajaonyesha ugonjwa, ameonyesha akili. Tena, vitu viwili viendavyo pamoja havisemi kipi kilitangulia. Yamkini hofu ya korona ilizaa wasiwasi. Yamkini pia mwenye wasiwasi wa zamani aliikuta korona ikawa nguo mpya ya kuuvisha wasiwasi wake. Swali lipimalo hasa, kati ya hayo saba, ni lile la kushindwa kuyazuia mashaka. Kuwa na mashaka si kosa katika mwaka wa mashaka. Tofauti ya mzima na mgonjwa ni hii: mashaka ya mzima hukaa kitako yakiisha kusikilizwa, ya mgonjwa hayakai.

Ni kitu gani, basi, huyakalisha mashaka? Jibu laweza kutafutwa katika Mji wa Kale wa Mombasa. Kenya ilikuwa imekataza watu kutoka nje usiku tangu tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Jioni ya kwanza ya amri hiyo watu waliotoka kazini walisongamana kwenye kivuko cha Likoni wakiwahi kufika makwao, nao askari wakawatawanya kwa moshi wa kutoa machozi. Watu walioambiwa waachane kwa hatua moja na nusu wakakanyagana. Tarehe 6 Mei, mwezi wa Ramadhani umekwisha kuanza, ilitolewa amri kwamba asitoke mtu wala asiingie katika Mji wa Kale, na katika mtaa wa Eastleigh wa Nairobi hali kadhalika. Misikiti ilikuwa imefungwa. Baraza za nje, ambazo katika vichochoro vile ndizo magazeti na mahakama ya mtaa, zilibaki tupu.

Na achukuliwe, kwa mfano tu, mama mmoja wa mtaa huo, asiyetajwa jina kwa sababu jina lake ni la wengi. Kila Ramadhani hukaanga kaimati na sambusa akaziuza mlangoni kabla ya magharibi. Mwanawe ni kibarua bandarini Kilindini. Mama yake mzee, mwenye maradhi ya sukari, hulala chumba cha ndani. Mama huyu alikuwa na hofu nne, nazo zote zilikuwa za kweli. Aliogopa maradhi yasimfikie mzee. Aliogopa kodi ya nyumba, maana wanunuzi hawakuweza kuingia na mwanawe hakuweza kutoka. Aliogopa mzee asije akafa akakosa waoshaji na wazikaji. Aliogopa kupimwa, maana akionekana na virusi angepelekwa karantini, na mzee angebaki na nani?

Mchana hofu hizi nne zilikuwa nne, kila moja na jina lake. Usiku zilikuwa moja isiyo na jina. Simu ya mkononi ililia, na sauti ya jirani ikasema, "Mwenzangu, umesikia?" Alichosikia mwenzake hakikuwa na mwenyewe: mara watu wa mtaa wa pili wamechukuliwa usiku, mara dawa imepatikana, mara hakuna maradhi kabisa. Mama huyu hakuamini hata neno moja, wala hakuweza kuacha kusikiliza. Ndivyo wasiwasi unavyokula. Hauhitaji kusadikiwa; watosheka kusikilizwa.

Hofu ya karantini yataka kutazamwa peke yake, kwa sababu ndiyo iliyoonyesha wazi jinsi hofu isiyopewa njia inavyoharibu kazi ya hofu yenye njia. Hapo mwanzo waliotengwa kwa amri walitakiwa kulipa gharama za malazi yao. Tarehe 6 Mei 2020 serikali ilitangaza kwamba itabeba gharama hizo katika vituo vyake, lakini habari ya kwanza ilikuwa imekwisha kufika mbali kuliko ya pili. Wapimaji walipofika katika Mji wa Kale na Eastleigh, waliojitokeza walikuwa wachache. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humfichua, na usemi huo ni wa kweli; lakini waliojificha hawakuwa wajinga wa usemi huo. Walipima hatari mbili mizanini, ya maradhi ambayo labda yangekuja, na ya kutengwa na kufilisika ambayo ilisimama mlangoni na karatasi mkononi. Waliichagua iliyo mbali. Uchaguzi huo ulikuwa wa hatari kwa mtaa mzima, na lawama yake haiwezi kuwekwa juu ya woga peke yake.

Nchi mbili jirani zilitofautiana katika jambo la habari. Kenya ilisoma hesabu ya wagonjwa na wafu kila siku alasiri, kwa miezi mingi. Tanzania ilikoma kutoa hesabu mwanzoni mwa Mei 2020, ilipofika wagonjwa 509 na vifo 21, wala haikuanza tena mpaka mwaka uliofuata. Kila njia ilikuwa na watetezi wake. Walioitetea ya kwanza walisema mtu ana haki ya kujua. Walioitetea ya pili walisema hofu yenyewe huua. Lakini kunyamaza hakukuunyamazisha mnong'ono. Mahali ambapo hakuna hesabu, kila mazishi huwa hesabu, na kila kikohozi huwa tangazo. Wala kutangaza peke yake hakukutosha. Nambari isomwayo kila siku kwa mtu asiyeambiwa aifanyie nini humfundisha kuhesabu tu, na kuhesabu bila kutenda ni chakula kingine cha wasiwasi. Kujua ni haki. Lakini habari ya kweli huwa dawa pale tu inapokuja na jambo liwezekanalo kwa aliyeisikia.

Jambo hili hueleza pia kwa nini kupiga nyungu kulienea Tanzania kwa upesi. Hapana ushahidi kwamba mvuke wa majani huviua virusi vya korona, na maji ya moto yaweza kuunguza mwili. Tena aliyejiona amekwisha kuwa salama aliweza kuisahau barakoa na kuwaponza wengine. Haya yasemwe bila ya kuficha. Lakini aliyecheka tu alikosa kuona kitu. Sufuria, majani, shuka ya kujifunika na mtu wa kusaidia kuishika: hofu ilikuwa imepewa kazi, na kazi yenyewe ilifanywa na watu wa nyumba moja kwa pamoja. Kosa lake lilikuwa katika dawa. Haja iliyojibiwa ilikuwa ya kweli. Serikali na matabibu wasipoipa hofu kazi ya maana, hofu hujitafutia kazi yoyote.

Juu ya mauti Waswahili husema kwamba kifo cha wengi ni harusi. Maana yake si kwamba kifo hupendeza, bali kwamba msiba ubebwao na watu wengi hupungua uzito. Mwaka 2020 usemi huo ulipinduliwa. Kenya iliruhusu watu kumi na tano tu wa jamaa kwenda maziarani, na picha za wazikaji waliovaa mavazi meupe tangu utosini mpaka vidoleni zilizagaa kila mahali. Kifo kilikuwa cha wengi, na harusi haikuwapo. Matanga ni kazi: kupika, kupokea, kusoma, kukaa na mfiwa asubuhi na jioni. Kazi hiyo ilipozuiwa, huzuni ilikosa mahali pa kwenda ikageuka kungoja. Aliyefiwa alibaki na simu mkononi. Asiyefiwa alibaki akijiuliza zamu yake itakuwa lini.

Na vijana je? Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020, na wanafunzi wengi hawakurudi madarasani mpaka Januari 2021. Wasichana walirudishiwa kazi za nyumbani, wengi wao wasijue kama wangerudi shule. Wavulana walipewa muda bila ya shughuli. Kijana aliambiwa kwamba maradhi hayatamdhuru sana, lakini yeye anaweza kumwua bibi yake. Hapo ndipo fumbo linapofumbuka. Hatari ya mzee ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na jina, na aghalabu palikuwa na mtu wa kumlinda. Hatari ya kijana haikuwa na jina: mwaka usiojulikana mwisho, mtihani usiojulikana tarehe, kazi isiyojulikana kama itakuwapo. Mwanamke naye, akiwa ndiye muuguzi wa nyumba, mpishi, mwalimu wa ghafula na pengine mtafutaji, alibeba hofu za watu wote wa nyumbani, na nyingi katika hizo hazikuwa katika uwezo wake. Wasiwasi haukumfuata aliyekuwa karibu na kifo kuliko wote. Ulimfuata aliyekuwa na hofu nyingi na njia chache.

Mtu aweza kupinga hoja hii kwa kutaja wauguzi na matabibu. Hao walikuwa na kazi mchana na usiku, na bado wasiwasi uliwashika. Pingamizi hili ni la nguvu, nalo halivunji hoja bali huirekebisha. Muuguzi aliyekosa glovu na barakoa, aliyewaona wagonjwa wakihitaji hewa na mitungi haitoshi, aliyerudi nyumbani akaogopa kumpakata mwanawe, alikuwa na uchovu wa kazi bila ya uwezo wa kazi. Kuitenda kazi ambayo vyombo vyake havipo si kuipa hofu njia. Ni kuifunga mwili mmoja na mtu. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba hofu itafutiwe kazi. Yapasa kazi hiyo iwe ya kweli, iwe katika uwezo wa mtu, na asiachwe aitende peke yake.

Mama wa Mji wa Kale arejewe. Tuseme mjuzi mmoja alimpigia simu, akamweleza bila ya kumtisha wala kumbembeleza: mzee alale chumba chenye dirisha, chakula apelekewe na mtu mmoja, naye awe amevaa barakoa, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumshika, dawa ya sukari isikatizwe. Tangu hapo hofu ya kwanza ilipata saa zake na zana zake, ikakaa kitako. Kodi haikulipika kwa sabuni. Hofu hiyo ilitaka mwenye nyumba avumilie, au serikali isaidie, na bila ya hayo ingeendelea kunong'ona. Hofu ya karantini ilitaka ahadi ya kuaminika kwamba mzee hataachwa. Hofu ya maziko ilitaka waoshaji waliofundishwa namna ya kumwosha maiti kwa salama na kwa heshima. Katika hofu nne, moja tu ilikuwa mikononi mwake. Tatu zilikuwa mikononi mwa watu wengine. Kumwambia mama huyu atulize moyo, na hizo tatu zimeachwa vivyo hivyo, kungekuwa kumtwika kazi ya nchi nzima.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura ya korona imekwisha. Baraza za Mji wa Kale zilikuwa zimekwisha kujaa tena, na harufu ya kaimati za Ramadhani ilikuwa imerudi vichochoroni. Lakini mlinzi aliyeamshwa hivyo halali upesi, na maradhi mengine makuu yatakuja, kama yalivyokuja kabla ya haya. Yatakapokuja, nchi itajaribiwa kwa namna inavyoishughulikia hofu ya watu wake. Hofu haitaki kufukuzwa, maana ni mlinzi. Wala haitaki kulishwa, maana haina shibe. Yataka neno la kweli, kazi iwezekanayo, na mwenzi. Ikikosa hivyo vitatu hushusha sauti yake, ikakaa sikioni, ikaanza kusema, "Labda."